Msichana Aliyevuta Wakwe Zake

Tega sikio nikutegee: sauti yake ni ya kufukuza watu, kazi yake ni kuwavuta. Umeshindwa? Basi nipe mji, na usinipe Nyeri, maana Nyeri nimeshapewa na wengi walioshindwa kabla yako. Jibu ni lori la Wamucii.

Lilikuwa Bedford la jeshi, la zamani kuliko mwenyewe, kijani kama chai ambayo haijachumwa. Mjomba wake Mathenge alilinunua kwenye mnada wa magari ya jeshi huko Nanyuki, akafa kabla hajalichoka. Aliacha neno mbele ya ukoo kwamba lori ni la Wamucii, kwa sababu ndiye aliyemshikia taa kila alipolala chini yake kulitengeneza. Wajomba wengine walicheka. Wamucii hakucheka. Alibeba nalo mchele kutoka vinu vya Wang'uru, akapanda nao Karatina, Nyeri, mpaka Nanyuki, na mvua ikiharibu barabara yeye ndiye aliyepita, huku wanaume wenye malori mapya wamekaa kando ya njia wakila mahindi ya kuchoma.

Sasa, injini ya lori hilo haiko mbele kama ya magari ya Kikristo. Iko ndani ya kabini, katikati ya dereva na abiria, imefunikwa kwa bati, inanguruma na kutoa joto kama jiko la harusi. Ukitaka kumwambia mtu unampenda humo ndani, lazima upige kelele kama anayefukuza nyani shambani.

Humo ndimo Mwalimu Kefa alimpenda Wamucii. Kwao ni magharibi, kazi yake ni kufundisha Wang'uru, na siku moja pikipiki yake ilizama kwenye mfereji wa mpunga huko Mwea. Wamucii aliivuta, akamvuta na yeye. Kila Jumamosi baada ya hapo alipanda kabini, wakapiga kelele pamoja mpaka Nanyuki na kurudi. Nje ya lori Kefa alikuwa mtu wa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Ndani ya lori alikuwa simba.

Shida ilikuwa kwamba watu hawaolewi ndani ya lori.

Mama yake Kefa, Monicah, alikuwa amesema wazi: mke wa mwalimu hawezi kuonekana ametoa miguu chini ya gari. Lori liuzwe kwanza, ndipo harusi. Na kila Wamucii alipomuuliza Kefa amemjibu nini mama yake, Kefa alisema, "Tutaongea." Wamucii alilichukia hilo neno kuliko tope.

Huko Wamagana, kijijini kwao Wamucii, baba yake, Mzee Peterson, naye alikuwa na lake. Wageni wa Kefa walikuja mara ya kwanza kujua nyumbani, Wamucii akakosekana, kwa sababu alikuwa anavuta basi la shule kutoka mtoni. Wageni wakarudi bila kumwona. Kwetu hilo si jambo dogo. Msichana hukutwa nyumbani. Wageni hukaa, wakazunguka na maneno, wakasema wameona ua zuri katika boma hili, ndipo msichana anaitwa kutoka ndani kana kwamba hajui lolote. Kama hayuko ndani, wataita nini?

"Mara hii ya pili," Mzee Peterson alisema, "ukikosekana, habari ya huyo mwalimu imeisha. Na lori, funguo naziweka mimi."

Akatia funguo mfukoni, akapiga mfuko kwa kiganja.

Basi Jumamosi hiyo ya Aprili Wamucii alikuwa chumbani tangu asubuhi, amesukwa nywele, amefungwa leso mbili, na Tata Kabura, dada wa marehemu mama yake, amekaa mlangoni kama askari wa benki. Nje mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ilikuwa imepumzika tu, haijaenda. Mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa umepondwa, mbuzi amechomwa, wanawake wako langoni wamejipanga kuimba.

Simu ikalia.

"Wamu," Kefa alisema, kwa ile sauti yake ndogo, "tumekwama."

"Wapi?"

"Hapa chini kwa kona, tukitoka darajani. Matatu imeingia mpaka tumbo. Ninaona kanisa lenu kule juu."

"Mshuke mtembee basi."

"Mjomba na ule mguu wake mbovu? Na mama amevaa viatu vya harusi. Ameshuka mara moja, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, akarudi ndani. Hasemi na mtu."

Wamucii alifumba macho. Aliijua ile kona kama anavyojua meno yake.

"Kefa. Umemwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Unajua."

Akasikia mtu akikohoa ndani ya matatu.

"Tutaongea, mpenzi. Saa hii niko na wazee hapa."

Wamucii alikata simu, akaitupa kitandani. "Tata, nitapasuka."

"Pasuka polepole," Kabura alisema. "Hiyo leso ni yangu."

Wakatuma vijana wa kwaya wakasukume. Walienda wakiimba, wakarudi hawaimbi, wekundu kwa tope kutoka kichwa hadi kidole. Matatu ilikuwa imezama zaidi. Trekta ya jirani ilikuwa imeenda Mukurwe-ini. Mzee Peterson alisimama barazani na koti lake la suti, akitazama wingu jeusi likishuka kutoka mlimani.

Wamucii alitoka, leso na yote.

"Baba, niruhusu."

"Rudi ndani."

"Wamekwama pale kwa kona. Hakuna gari ingine hapa inaweza kuwatoa."

"Nimesema rudi ndani. Ati msichana aende kuchukua watu wanaokuja kumwomba? Umesikia wapi? Msichana anaulizwa. Haendi kujiuliza."

"Na wakirudi?"

"Wakirudi, wamerudi."

"Baba, mvua ikianza hawatafika leo, na wewe umesema hii ni ya mwisho. Mimi nitafanya nini?"

Mzee alipiga mfuko wake. Funguo zikalia. "Utakaa," akasema. Lakini hakumtazama machoni, na Wamucii aliona akiichungulia tena ile barabara ya darajani. Kumbe hata yeye alitaka wafike! Alitaka wafike kwa njia yake, na njia yake ilikuwa chini ya tope. Hilo ndilo lililomuuma Wamucii zaidi. Angekuwa adui, angepigana naye. Utapiganaje na mtu anayekupenda na amekuzibia mlango?

Alirudi chumbani, akasimama mbele ya Tata Kabura.

"Tata, wewe unajua lori ya jeshi haina ufunguo?"

"Haina?"

"Haijawahi. Askari akikimbia hana wakati wa kutafuta ufunguo. Ni swichi ya kuzungusha na kitufe. Baba ameweka kwa mfuko funguo za ghala ya mahindi."

Kabura alimtazama, akatazama mlango, akatazama paa. Kisha akainamisha kichwa na kuunganisha mikono.

"Maitu," akasema, akimwita mama kwa mapenzi, "mimi naanza kuomba. Nikiomba huwa nafumba macho. Na maombi yangu unayajua, si ya Presbiteria, ni marefu."

Wamucii akapitia dirishani, akatoka.

Watu wa langoni walipolisikia lori, lilikuwa tayari barabarani. Lile lori likiamka kijiji chote kinajua. Mabati yanatikisika, kuku wanakimbilia nyumba isiyo yao. Mzee Peterson aliingiza mkono mfukoni, akatoa zile funguo, akazitazama. Watu waliomwona wanasema hawajawahi kumhurumia mtu hivyo.

Kule kona Wamucii aliligeuza lori taratibu, akalisogeza kinyumenyume mpaka karibu na matatu, akavuta wenzo mdogo wa kuunganisha magurudumu ya mbele. Akashuka na mnyororo begani. Kefa alikuwa amesimama kwenye tope na tai shingoni, suruali imekunjwa hadi magotini. Wakatazamana. Walikuwa hawajaonana wiki nzima. Wamucii alitamani kuugusa ule uso uliorushiwa matope, na wakati huohuo alitamani kumwongezea mengine kwa kiganja.

"Umependeza," Kefa akasema chini chini.

"Shika hapa," Wamucii akasema, akampa ncha ya mnyororo.

Dirishani mwa matatu Monicah alikuwa amekaa wima, kilemba kikubwa cha bluu, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kiko wapi. Wamucii alimpigia magoti kidogo kwa heshima, magoti yakaingia kwenye tope.

"Karibu kwetu, Mama. Samahani kwa barabara."

"Wewe ndiye unatuvuta?" Monicah aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Hamna mwanamume hapa?"

"Wako, Mama. Lakini gia ya hii lori haiingii mpaka ukanyage klachi mara mbili. Wao hukanyaga mara moja tu."

Wazee ndani ya matatu walikohoa ili wasicheke. Monicah alipandisha kioo nusu, kikagoma hapo.

Kefa alipanda kabini. Injini ikanguruma, mnyororo ukakaza, matatu ikatoka kwenye tope kwa sauti kama ng'ombe anayenyanyua mguu kinamasini. Wakaanza kupanda mlima, lori mbele, wakwe nyuma.

"WAMU!" Kefa akapiga kelele juu ya lile bati la moto. "ASANTE!"

"SITAKI ASANTE! NATAKA JIBU!"

"JIBU GANI?"

"USINIFANYE MJINGA, KEFA! LORI NIUZE AU NISIUZE?"

"SI NILISEMA TUTAONGEA?"

"SASA TUNAFANYA NINI? TUNAIMBA?"

Lori likateleza upande, akalirudisha. Mikono yake ilikuwa inauma, usukani wa jeshi hauna huruma. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"BABA AMENIFUNGIA NDANI KWA SABABU YAKO! NIMEPITIA DIRISHANI KAMA MWIZI! NA WEWE HATA NENO MOJA HUWEZI! KILA MTU ANAJUA ANACHOTAKA ISIPOKUWA WEWE!"

"NAJUA NINACHOTAKA!"

"NI NINI?"

Walikuwa wamefika kilele. Lango likaonekana, wanawake wamefungua midomo kuimba, na katikati ya barabara Mzee Peterson, amenyoosha mikono yote miwili kama anayezuia mafuriko. Wamucii akakanyaga breki kwa mguu mzima na kuvuta waya wa kuzimia injini.

Kefa hakuwa amemwona mzee. Alikuwa amemgeukia Wamucii, mishipa ya shingo imesimama, na maneno yalikuwa yameshatoka.

"SITAKI ULIUZE! ANAYETAKA NI MAMA! NAMWOGOPA MAMA KULIKO NINAVYOMWOGOPA MUNGU!"

Injini ilikuwa imezima tangu neno la kwanza.

Sijui kama umewahi kusikia kijiji kizima kikinyamaza. Hata wingu lilisimama. Wimbo wa wanawake ulikufa ukiwa bado mdomoni, na nyuma ya lori, kwenye kile kioo kilichogoma nusu, kilemba cha bluu hakikutikisika.

Kisha mlango wa matatu ukafunguliwa. Monicah akashuka na kiatu chake kimoja, akatembea taratibu mpaka kando ya lori.

Wamucii alishuka upande wake, Kefa akashuka upande wake. Tai ilikuwa imegeukia mgongoni.

"Rudia," Wamucii akamwambia. Hakupiga kelele. "Sasa hakuna injini. Rudia."

Kefa alifungua mdomo. Akamtazama mama yake. Akairudisha tai mbele, akainyoosha, akainyoosha tena.

"Labda tuingie ndani kwanza," akasema, "halafu tuta..."

"Usilimalize hilo neno."

Wamucii aligeuka. Alienda nyuma ya lori, akapiga magoti kwenye maji mekundu na leso za Tata Kabura, akaanza kuufungua mnyororo. Ulikuwa umekaza. Aliuvuta, ukakataa. Akaupiga kwa ngumi. Hakuna aliyesogea kumsaidia, kwa sababu kila mtu aliona hicho si kilio cha mnyororo.

Ndipo Kefa akaja akasimama nyuma yake, na akasema kwa ile sauti yake ya hospitalini, ndogo lakini haikukatika:

"Mama, nilikuahidi nitamshawishi auze. Sikumshawishi. Nilikudanganya wewe, na yeye nikamnyima jibu, nikafikiri siku moja mmoja wenu atachoka. Mimi nimempenda akiwa na grisi mikononi. Lori libaki. Likiondoka, nitaondoka nalo."

Akapiga magoti kwenye yaleyale maji, akashika ule mnyororo pamoja naye. Mikono yao ikakutana kwenye chuma baridi. Wamucii hakuinua macho, lakini hakuondoa mkono.

Monicah akamsogelea mwanawe hatua moja.

"Nimekusikia," akasema. "Na zile kelele za kwanza pia nimezisikia. Na Mungu amezisikia."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Tata Kabura, ambaye maombi yake yalikuwa yameisha ghafla, alipiga kigelegele. Hata wazee wa matatu wakaanza kushuka wakijinyoosha, wakitafuta harufu ya nyama iko upande gani.

Mzee Peterson hakucheka.

"Mmesema vizuri," akasema. "Mwalimu, umesema vizuri sana. Sasa mrudi."

"Baba!"

"Nyamaza, Wamucii. Hapa kwetu msichana hukutwa. Leo hakukutwa, yeye ndiye amewakuta. Nikifungua hili lango, kesho Wamagana yote itasema Peterson alishindwa kumwoza binti yake, mpaka binti akaenda kujichukulia watu barabarani na mnyororo. Siwezi. Mje Agosti, barabara ikikauka. Mje kwa miguu yenu, nimwite kutoka ndani."

"Agosti!" Kefa akasema. "Mzee, tafadhali..."

"Agosti."

"Na huu mukimo, Baba Wamucii?" Kabura akauliza, mkono kiunoni. "Utaungoja Agosti?"

Mzee akafikiri. Uungwana ulikuwa unapigana na mila usoni pake.

"Mgeni hafukuzwi na njaa," akasema mwishowe. "Watakula. Lakini watakula hapo nje, kama wapita njia. Si kama wakwe."

Basi wakala nje. Sufuria zilipitishwa juu ya lango, nyama ikapitishwa, wazee wa magharibi wakala wamesimama, wameegemea magurudumu ya lori la jeshi, wakisifu mbuzi. Kefa aliwekwa upande wa barabara, Wamucii upande wa boma, na katikati yao ua wa kayaba wenye miiba mirefu. Kefa aliliona jicho moja la Wamucii kupitia majani. Jicho hilo halikula chochote.

"Wamu."

"Mm."

"Umekasirika bado?"

"Sana."

"Lakini umenisikia?"

"Nimekusikia. Ungesema wiki iliyopita ungekuwa umekaa huku ndani saa hii, unakula kwa sahani."

Kefa alipenyeza kidole kati ya miiba. Wamucii alikitazama kile kidole, chenye tope na mchuzi, akakigusa kwa ncha ya chake. Tata Kabura akakohoa. Wakatengana.

Wingu likaanza kudondosha. Hapo ndipo watu walipokumbuka jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisema: matatu haingeweza kushuka ile kona, si katika mvua ile. Wote wakamgeukia Mzee Peterson. Yeye akatazama barabara, akatazama mguu wa yule mjomba, akatazama mguu wa Monicah usio na kiatu. Alitaka sana kupata jibu lingine. Hakulipata.

"Washushe mpaka lami," akamwambia Wamucii, akitazama pembeni. "Lakini huyo mwalimu akae nyuma."

Wazee wakapandishwa nyuma chini ya turubai, mmoja baada ya mwingine, pamoja na nyama iliyobaki. Kefa alikuwa wa mwisho. Alisita, mguu mmoja juu ya ngazi, akiitazama ile kabini, kile kiti chake cha Jumamosi zote. Mama yake alikuwa amekwisha kusimama mlangoni pa kabini, amepandisha sketi hadi magotini, mkono ameutoa juu.

"Msichana," Monicah akasema, "nivute."

Wamucii akampa mkono. Monicah akapanda, akakaa, akarekebisha kilemba. Mlango ukafungwa.

Nyuma ya kabini kuna kidirisha kidogo, kama cha chumba cha maungamo. Lori liliposhuka mlima likiyumba, Kefa alitambaa juu ya miguu ya wajomba zake, akaweka uso hapo. Aliona vichwa viwili na lile bati la injini katikati. Mdomo wa mama yake ulikuwa umefunguka kabisa, mishipa ya shingo imesimama. Ukafunga. Wa Wamucii ukafunguka, kichwa kikatikisika, mkono mmoja ukaacha usukani ukapiga hewa. Kisha mama tena. Wanagombana? Wanacheka? Kwa kelele ile mtu hawezi kujua. Uso wa kucheka na uso wa ugomvi ni uso mmoja.

Alipiga kioo. Akapiga tena kwa nguvu. "MNASEMA NINI?"

Mama yake aligeuka, akamtazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali, akamrudia Wamucii na kuendelea na maneno yake.